Kabla ya Mhadhara, Nenda Ukalione Zulia

Kwa miaka mingi nilikwenda kwenye mihadhara ya makumbusho kama mwanafunzi aendavyo darasani: nakaa, natazama picha ukutani, napiga makofi, naondoka. Nikifika kituo cha basi, nusu ya niliyoyasikia imekwishanitoka. Siku hizi nafuata mpango mwingine. Nakiona kitu chenyewe kwanza, nasikiliza maneno baadaye, kisha narudi kukitazama tena.

Chukua Makumbusho ya Victoria and Albert, London, yaliyoanzishwa 1852 ili mafundi na wananchi wajifunze kwa kutazama kazi nzuri za mikono. Henry Cole, mkurugenzi wake wa kwanza, aliweka taa za gesi ili wanaoshinda kazini waweze kuja jioni. Mihadhara mingine hulipiwa, lakini kumbi za kudumu ni bure, kwa hiyo usifike dakika tano kabla. Jipe saa nzima.

Tuseme mhadhara unahusu zulia la Ardabil kutoka Iran. Limelazwa ndani ya kioo katikati ya ukumbi namba 42, urefu wake zaidi ya mita 10. Ili rangi zisichujuke, taa huwashwa kwa dakika 10 tu, kila saa kamili na kila nusu saa. Zamu ya kwanza zunguka tu, usiandike kitu. Taa zikififia, keti uandike maswali matatu kwa penseli. Makumbusho mengi hayapendi wino karibu na mali zao. Zikiwaka tena, yatafutie majibu.

Bango la maelezo lisome mwisho. Tazama kandili mbili zilizofumwa juu na chini ya duara la katikati: moja ni kubwa kuliko mwenzake. Wako wasemao mfumaji alitaka anayetazama kutoka upande mmoja azione zikilingana. Wengine husema ni kasoro ya makusudi. Simama kila upande ujionee, ili mhadhiri akishika kauli moja uweze kuipima.

Kisha tafuta maandishi kwenye ncha ya zulia. Aliyepitia madrasa ana bahati hapa: lugha ni Kiajemi, lakini herufi za Kiarabu hazimpigi chenga, na kwa subira atalipata jina la Maqsud Kashani, aliyetia sahihi kazi hii, na mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540. Jina hilo hunigusa kila nikilifikia. Wahadhiri wengi hupenda kukaa na wafalme, na Shah Tahmasp, aliyetawala Iran zama hizo, ana mengi ya kusimuliwa, lakini mimi nataka kusikia habari za mtande wa hariri, mafundo ya sufu, na vidole vilivyoyafunga moja moja. Wasipozitaja, naziuliza.

Ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza jambo moja kwa sentensi moja. Usihutubie. Maswali yanayozaa zaidi ni mawili: kitu hiki kilifikaje hapa, na wapi kimetengenezwa upya? Mazulia ya Ardabil yalikuwa mawili. Hili la London lilinunuliwa 1893 kwa pauni 2,000, baada ya mbunifu William Morris kushauri linunuliwe. Linaonekana kamili kwa kuwa lilitiwa viraka vilivyokatwa kutoka kwa mwenzake, na huyo mwenzake sasa yuko Los Angeles bila pambizo zake. Ukweli huo hauondoi uzuri wa zulia, ila mhadhara unaoupita kimya umemnyima msikilizaji nusu ya habari.

Ukiweza, chagua mhadhara wa Ijumaa, siku ambayo makumbusho hukaa wazi hadi saa 4 usiku. Watu wakielekea mlangoni, wewe rudi ukumbi namba 42, usubiri taa ziwake, uanze kutafuta viraka.