Elimu ya Chuo ni Deni: Tujifunze Kutumikia na Kuhoji



Mpendwa kijana mwenzangu, somo la leo linatuhusu sisi tulio chuoni na ninyi mnaojiandaa kwenda. Swali ni moja: elimu hii tunayoipata ni ya nani? Wengi tutajibu haraka, "Ni yangu, nimeisotea." Ni kweli umeisotea. Lakini yule mama anayeuza mchicha nje ya geti la chuo, kila akinunua sabuni au vocha analipa kodi, na kodi hiyo imo kwenye majengo yetu, kwenye mishahara ya wahadhiri, hata kwenye bumu tunalolisubiri kwa hamu. Pengine yeye mwenyewe hakumaliza darasa la saba.

Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na mfano wake kuhusu jambo hili. Kijiji kina njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichobaki wanampa mtu mmoja, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wengine chakula. Je, akishiba na asirudi, tumwiteje? Mwalimu alimwita msaliti.

1. Historia inatufundisha nini?

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu. Walipinga mpango wa Serikali wa kuwataka wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki wafanye kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilisema afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Wengi wao walipokelewa tena baadaye.

Mara nyingi hadithi hii huishia hapo, kana kwamba wanafunzi walikosa na Mwalimu akapatia. Mimi naona kuna upande mwingine. Wanafunzi wale waliuliza pia: mbona sisi tunaambiwa tujitoe, na viongozi wanalipwa mishahara minono? Mwalimu hakulipuuza swali hilo. Siku ileile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha lenye miiko ya viongozi, na Machi akatoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mtoto na jamii iliyomlea.

Yaani pale Ikulu kila upande ulishika nusu ya ukweli. Msomi anadaiwa kuwatumikia watu. Na raia, akiwemo msomi, ana haki ya kuwahoji wanaomwongoza. Ukichukua nusu moja tu umepungukiwa.

2. Neno la Mungu na Kanisa

Soma Yeremia 29:4-7. Waisraeli wamepelekwa uhamishoni Babeli, mji usio wao. Nabii hawaambii wakae wakihesabu siku za kuondoka. Anawaambia wajenge, wapande, wautakie mji ule mema na kuuombea, kwa sababu amani yao inategemea amani ya mji huo. Sasa jiulize: hosteli yako iko mtaa gani? Mwenyekiti wa mtaa unamjua? Miaka mitatu au minne si safari ya kupita tu.

Soma pia Luka 10:25-37. Aliyemuuliza Yesu jirani yake ni nani alikuwa msomi wa sheria, na jibu la kitabuni alikuwa nalo. Yesu alimtuma akafanye.

Katekisimu, namba 1915, inafundisha kwamba raia washiriki kwa bidii katika maisha ya jamii, kadiri wawezavyo. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Ex Corde Ecclesiae ya mwaka 1990, alivitaka vyuo vikuu vya Kikatoliki vichunguze matatizo mazito ya wakati wao na kutetea haki katika jamii. Kwa hiyo mtaa wako nao ni sehemu ya masomo yako.

3. Inavyokuwa mtaani

Nitoe mfano mmoja. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo ninayosali karibu na chuo, mzee mmoja alitueleza shida ya kisima cha mtaa. Watu walikuwa wanalipia kila ndoo, lakini pampu ikiharibika wanaambiwa fedha hakuna. Wazo la kwanza la wengi wetu lilikuwa kuchanga. Mzee akasema, "Wanangu, michango tumeshaizoea. Njooni kwenye mkutano."

Tukaenda. Mwenzetu anayesoma uhasibu aliombwa na kamati ya maji awasaidie kupanga daftari lao: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ilimchukua Jumamosi tatu. Kwenye mkutano uliofuata mapato na matumizi yalisomwa mbele ya watu wote, na maswali yaliyoulizwa hayakuwa mepesi. Walioyauliza ni akina mama wenyewe, siyo sisi. Pampu haikupona siku hiyo, lakini wenye kisima waliondoka wakijua fedha yao ilienda wapi na nani wa kumuuliza.

Mwenzetu anasema alijifunza uhasibu pale kuliko kwenye mtihani wowote. Mimi nilijifunza kitu kingine: sabuni na unga tunaopeleka kwa wahitaji ni tendo la huruma, na tuendelee kupeleka. Ila tusiishie kupiga picha. Tukae, tusikilize, tuulize kwa nini mahitaji hayohayo yanarudi kila mwaka.

4. Tufanyeje?

Kwanza, tusikilize kabla ya kupanga. Wenyeji wanaijua shida yao kuliko sisi.

Pili, tupeleke kile tunachosomea. Wa sheria aeleze haki, wa afya afundishe usafi, wa ualimu asaidie watoto kusoma.

Tatu, tuhudhurie mikutano. Kwa sheria ya Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mitaa ya mjini nayo ina mikutano yake. Huhitaji digrii kuingia, na ukiwa nayo haikupi kiti cha mbele.

Nne, tuhoji kwa adabu na kwa ushahidi, bila matusi na bila woga.

Maswali ya kutafakari

- Ni nani waliojinyima ili mimi nisome?
- Mtaa ninaoishi utapungukiwa nini nikiondoka leo?
- Je, ninatumikia bila kuhoji, au ninahoji bila kutumikia?

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulikuja kutumikia, si kutumikiwa. Utujalie akili inayojifunza, mikono isiyoona haya kufanya kazi, na ulimi unaosema kweli kwa upendo. Wabariki wote waliojinyima ili sisi tusome. Amina.