Somo kwa Wajumbe wa Matawi: Tunachoweza Kujifunza kwa Wanajeshi Waliobaki Kigali



Katika mafunzo ya wajumbe huulizwa mara nyingi swali hili: je, mfanyakazi wa kiwandani au wa shamba la chai ana lolote la kujifunza kwa mwanajeshi? Wapo wanaojibu upesi kwamba hana. Husema jeshini ni amri tu, na sisi tumechoka na amri za makapita. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Ofisa wa jeshi huteuliwa na wakubwa wake, na askari akikataa amri hufungwa. Mjumbe wa wafanyakazi huchaguliwa na wenzake, hana selo wala bunduki. Wakimchoka humwacha amesimama peke yake mlangoni kwa meneja. Basi tusiige sauti ya sajini. Tutazame mambo mengine, na mfano wetu uko hapa hapa Kigali.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza mwezi wa Aprili 1994, jeshi la Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, UNAMIR, lilikuwa na askari wapatao 2,500 chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Tarehe 7 Aprili askari 10 wa Ubelgiji waliuawa, na baadaye nchi yao ikaamua kuondoa kikosi chake. Tarehe 11 Aprili Wabelgiji waliokuwa katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, walifunga mizigo wakaondoka. Ndani ya shule walikuwamo watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia hapo kwa sababu waliona bendera ya Umoja wa Mataifa. Siku ile ile wengi wao walipelekwa kilima cha Nyanza wakauawa. Amri ya kuondoka ilitoka juu, ikafuatwa barabara.

Siku 10 baadaye, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza jeshi hilo hadi watu 270. Naibu wa Dallaire alikuwa Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana. Alimwambia mkubwa wake kwamba Waghana hawatawaacha watu wa Kigali, na serikali ya Ghana ikakubali. Waliobaki walifika kama 450, na sehemu kubwa yao walikuwa askari wa Ghana. Chakula kilikuwa haba, maji haba, dawa haba, na makombora yalipita juu ya vichwa vyao. Lakini maelfu ya watu waliokuwa katika uwanja wa Amahoro na katika hospitali ya King Faisal walikuwa na mtu wa kusimama mlangoni.

Ndugu, tazama vizuri jambo hili. Anyidoho hakusema “bakini”. Alisema “tunabaki”, naye akabaki. Sisi tunawajua wajumbe wa namna nyingine, ambao siku ya mkutano husema “tusimame imara”, na siku ya kuonana na meneja hushikwa na malaria. Wafanyakazi hawasahau siku hiyo, hata miaka 10 ikipita.

Mfano wa pili ni wa mtu mwenye cheo kidogo zaidi, na kwa maoni yangu unatufaa kuliko wa kwanza. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa mwangalizi wa kijeshi, yaani askari asiyebeba silaha. Tarehe 7 Aprili, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alipouawa, yeye aliwaficha watoto wake na kuwafikisha Hôtel des Mille Collines. Baada ya hapo akaendelea. Aliwabeba watu wachache wachache ndani ya gari lake, akipita kwenye vizuizi, au bariyeri kama tunavyosema hapa, ambako wenye mapanga walikuwa wakikagua vitambulisho. Hakuwa na bunduki ya kuwatisha. Alikuwa na sigara za kugawa, utani na subira. Dallaire alijua, wala hakumzuia. Tarehe 31 Mei 1994, akiwa kwenye kizuizi, kombora lilianguka karibu na gari lake akafa. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Je, alikuwa na cheo cha kutosha? Alikuwa kapteni tu. Hakuwa mwenye kuamua mambo ya UNAMIR, na hakungoja aitwe mkutanoni. Aliwajua watu wa kizuizi hiki na cha kile, akajua nani wa kuchekeshwa na nani wa kupewa sigara. Mjumbe anayetaka kuzungumza na kapita mkali au karani wa mishahara atumie akili hiyo hiyo. Amjue mtu kabla ya siku ya ugomvi.

Wala si lazima twende vitani kuyaona haya. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunatoka kwenye umuganda. Hapo kila mtu huona nani ameshika jembe na nani amesimama kando na simu sikioni, na hakuna haja ya kuandika taarifa. Shambani ni vivyo hivyo kwenye mzani wa majani. Mchumaji anayehisi kilo zake zinapunguzwa hahitaji hotuba. Anahitaji mjumbe afike saa ile ya kupima, asome mshale pamoja naye, aandike katika daftari tarehe, jina na kilo, na arudi kesho yake, na kesho kutwa. Mwisho wa mwezi daftari hilo hufanya kazi ambayo kelele haziwezi kuifanya.

Maswali ya kujadili tawini:

Katika tawi lenu, ni saa ngapi wafanyakazi wanamhitaji zaidi mjumbe, na saa hiyo huwa wapi?

Amri ikitoka juu, hata kama ni ofisi ya chama, nayo inawaumiza wanachama, mjumbe afanye nini kabla ya kuitii au kuikataa?

Nani miongoni mwenu hana cheo chochote, lakini watu humwendea yeye kwanza wakipata shida? Kwa nini?