Kuwalisha Viluwiluwi Darasani: Somo la Kutazama, Kupima na Kutunza

Katika vitabu vingi vya Sayansi maisha ya chura huonyeshwa kwa mchoro wa duara: yai, kiluwiluwi, chura. Mwanafunzi huunakili mchoro huo, hukariri majina na kufaulu mtihani, naye hajui kiluwiluwi hula nini. Kwa mwalimu wa Morogoro upungufu huu hauna udhuru. Masika yanapoanza mwezi Machi, mitaro na madimbwi yaliyo chini ya milima ya Uluguru hujaa viluwiluwi, na zana ya somo hupatikana bila kununuliwa.

Makala haya yanapendekeza vipindi vinne kwa Darasa la Tano.

Kosa lililonifundisha

Nilipofundisha somo hili mara ya kwanza, niliwaachia wanafunzi kazi ya kulisha bila maelekezo. Kila mtoto alitaka kuonekana mkarimu. Ijumaa beseni lilitiwa ugali, makombo ya mkate na wali. Jumatatu maji yalikuwa meupe yenye harufu mbaya, na viluwiluwi karibu wote walikuwa wamekufa. Nakiri kwamba nilifikiri kwenda dimbwini kuchota wengine kabla kengele haijalia. Lakini msichana mmoja alikwisha kuona, akauliza: "Mwalimu, wamekufa kwa njaa au kwa shibe?" Swali hilo lilikuwa bora kuliko somo nililoandaa. Hawakufa kwa njaa wala kwa shibe: chakula kilichobaki kilioza, na vijidudu viozeshavyo vikaitumia hewa ya oksijeni iliyokuwamo majini.

Madhumuni

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze: kueleza uhusiano wa kinywa, utumbo na chakula cha mnyama, kufanya jaribio la haki, na kuandika kumbukumbu za kweli, hata zinapomwaibisha.

Matayarisho

Chota viluwiluwi wachache kutoka dimbwi moja la karibu, kwa chujio lililofungwa kwenye mti mrefu. Wanafunzi wasiingie majini, kwa sababu ya hatari ya kichocho. Usichukue kiumbe chochote katika msitu wa hifadhi, kwani Uluguru ina vyura wasiopatikana mahali pengine duniani. Tumia maji ya dimbwi lenyewe au ya mvua. Maji ya bomba yenye dawa yakae wazi siku moja kwanza. Mabeseni yawekwe kivulini, na kila aliyeyagusa anawe mikono.

Kipindi cha kwanza: kinywa na utumbo

Kwa kioo cha kukuzia, wanafunzi watazame kinywa kidogo kilicho upande wa chini wa kichwa. Wengi wa viluwiluwi wetu hukitumia kukwangua ukoga wa kijani juu ya mawe na majani. Kisha watazame tumboni, ambako utumbo mrefu uliojiviringa huonekana kupitia ngozi. Mwalimu aulize: nani amewahi kuona matumbo ya mbuzi yakisafishwa? Mbona ni marefu kuliko ya paka? Wanafunzi wenyewe watafikia kanuni kwamba chakula cha mimea kwa kawaida huhitaji utumbo mrefu.

Kipindi cha pili: jaribio

Tayarisha mabeseni mawili yenye maji sawa na viluwiluwi kumi kumi wa umri mmoja. Katika la kwanza tia jiwe lenye ukoga. Katika la pili tia kipande cha mchicha uliochemshwa, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kila asubuhi zamu ya siku iondoe mabaki, ibadilishe theluthi moja ya maji, na iandike idadi ya walio hai. Mara moja kwa wiki kila kiluwiluwi apimwe urefu katika kisahani chenye maji kilichowekwa juu ya rula. Wasisongamane, kwani viluwiluwi wa aina kadhaa hutafunana wanaposongwa au kukosa chakula.

Kipindi cha tatu: mfungo

Miguu ya mbele inapojitokeza, kiluwiluwi huacha kula. Kinywa chake hugeuka, utumbo hufupika, naye huishi kwa akiba ya mkia unaonywea. Hapa watoto humdhania mgonjwa wakamwongezea chakula. Mwalimu awazuie, apunguze maji, na aweke jiwe la mteremko ili chura mchanga apande avute hewa.

Kipindi cha nne: mwindaji

Chura mchanga hali tena majani. Weka ndizi iliyoiva mno ndani ya chupa ili kuwavuta nzi wadogo wa matunda. Wanafunzi wataona kwamba nzi anayetembea humezwa, na nzi mfu kwa kawaida hapuuzwi tu, bali ni kama hayupo. Baada ya hapo vyura wote warudishwe kwenye dimbwi walikotoka, si penginepo, ili tusihamishe magonjwa.

Kupanua somo

Darasa laweza kulinganisha viumbe wawili. Wa kwanza ni aksoloti wa Xochimilco, nchini Meksiko, ambaye watu wa nchi nyingi humfuga nyumbani. Yeye hubaki na matamvua yake hata akiwa mzima, na watoto wake ni wawindaji tangu mwanzo: hutaka vijidudu hai vya majini, na wakisongamana hung'atana miguu, ingawa miguu hiyo huota tena.

Wa pili ni chura wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Yeye huzaa watoto walio vyura tayari, bila hatua ya kiluwiluwi. Maji ya korongo lake yalipochepushwa kuzalisha umeme mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Watunzaji walilazimika kuzalisha wadudu wadogo sana kwa ajili ya watoto hao. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha Kihansi ikaanza. Mwanafunzi aliyeona viluwiluwi wakifa kwa mkate ataelewa uzito wa kazi hiyo.

Hitimisho

Katika kutathmini, mwalimu asihesabu viluwiluwi waliosalia. Asome daftari za zamu. Daftari isemayo "leo wamekufa watatu, tulisahau kuondoa mabaki" yastahili alama nyingi kuliko ile isemayo kila siku kwamba hali ni njema. Na mwalimu mwenyewe, beseni likiharibika, asikimbilie dimbwini alfajiri. Aliache mezani, awaite wanafunzi, waulizane sababu.