Lala Chini Uangalie: Kulikinga Gari na Kutu Busia na Malaba

Theluji hatujawahi kuiona Busia. Ila chumvi inayomwagwa barabarani huko Japani na Uingereza ili kuyeyusha theluji inatufikia kila wiki, imeganda chini ya magari ya mtumba yanayoshushwa Mombasa. Ikifika huku inakuta wenzake: magunia ya chumvi yanayovukia Uganda, samaki wa ziwani, mbolea, na tope la masika. Kabla sakafu ya Probox yako haijaanza kukuonyesha barabara, soma haya.

1. Uliza gari liliishi wapi

Muuzaji akikwambia "limetoka Japani", bado hajakwambia kitu. Gari lililozeeka Hokkaido au Tohoku, kwenye theluji ya miezi, si sawa na lililozeeka kusini kwenye joto. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia matairi ya misumari kwa sababu yalikuwa yanasaga lami na kuijaza miji vumbi. Vumbi likapungua, chumvi barabarani ikaongezeka. Kalsiamu kloraidi, mojawapo ya dawa zinazomwagwa, ina tabia mbaya zaidi: hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo bati hukaa limelowa hata siku isiyo na mvua.

Dai karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari tafuta herufi S, yaani kutu, na C, yaani kutu iliyokwisha kula bati. Namba inayofuata herufi ikiwa kubwa, hali ni mbaya zaidi. Karatasi ikiwa "imepotea", bei nayo ipungue.

2. Lala chini na tochi kabla ya kulipa

Vaa ovaroli, wacha watu wacheke. Mulika kwenye maungio ya chesisi, pale pa kuwekea jeki, juu ya magurudumu ndani ya madigadi, na pale springi zinaposhikilia bodi. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa mlio mfu na kudondosha unga wa kahawia.

Vumbi jembamba la rangi ya chungwa kwenye bolti na ekzosi lisikutie hofu, karibu kila gari linalo. Kutu inayobanduka kwa matabaka kama chapati ndiyo ya kukimbia. Nyingine ya kukimbia ni rangi nyeusi mpya inayong'aa chini ya gari la miaka saba. Mimi nikiiona hiyo, huuliza inaficha nini. Paipu za breki za chuma zikishaliwa na kutu hubadilishwa. Hazipakwi rangi, hata fundi akuapie.

3. Mwambie muosha gari aanzie chini

Waosha magari wetu wanapenda kung'arisha boneti, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lipa kidogo zaidi, gari liinuliwe, presha ipite ndani ya madigadi na kando ya chesisi hadi maji yanayodondoka yawe safi. Gari lililotoka Mombasa majuzi lioshwe hivyo kabla halijaguswa na rangi yoyote. Mtoni usiende: sabuni na oili vikiingia Mto Sio au Mto Malaba, unawachafulia watu maji ya kunywa, na sheria ya mazingira haikubaliani nawe.

4. Mzigo ndio adui mkubwa

Hapa mpakani chumvi nyingi haitoki Japani kamwe. Inavunwa kwenye mabwawa ya maji ya bahari kule Gongoni na Marereni, kaunti ya Kilifi, kisha inasafiri hadi Malaba kwenye malori. Lori likikaa foleni, mvua ikanyesha, gunia moja lililotoboka linatosha. Maji ya chumvi hupita katikati ya mbao, hufuata tundu la bolti, hutua juu ya boriti ya chesisi na kutulia pale ambapo hakuna jicho linalofika. Miezi baadaye boriti inavimba, na dereva anashangaa bolti imekatika yenyewe.

Tandika turubai zito chini ya mzigo, ukingo wake ukunjwe juu ili maji yasivuke. Samaki wa Sio Port au Port Victoria wapakiwe kwenye makreti ya plastiki yasiyovuja, hasa wale waliotiwa chumvi kwa soko la Kongo. Mbolea ni kesi nyingine: ina chumvi za amonia zinazovuta unyevu na kula chuma vibaya. Fagia kwanza gari likiwa kavu, kisha ndipo umwage maji, na ufanye hivyo jioni ile ile. Ukianza na maji, umekoroga sumu na kuimimina kwenye nyufa.

5. Zibua matundu

Chini ya milango na chini ya kizingiti kuna matundu madogo ya kutolea maji. Tope la murram hupenda kuyaziba. Waya laini, dakika tano, kazi imekwisha. Fundi wa rangi naye asiyazibe.

6. Oili chafu? Hapana

Najua, kila gereji ina mzee anayepuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli chini ya gari, na gari lake bado linatembea. Lakini oili hiyo hulainisha na kuharibu bushi za mpira, hunasa vumbi, hudondokea udongo, na karibu na ekzosi yenye moto ni kutafuta balaa. Nunua dawa ya nta ya kuzuia kutu, upulize ndani ya chesisi na vizingiti.

7. Rangi ni ya mwisho

Brashi ya waya, msasa, kitambaa kikavu, redoksaidi, kisha ile rangi nzito ya lami. Fundi anayeruka hatua anafunika kutu ikiwa hai. Maji hujipenyeza nyuma ya lami na bati huoza gizani. Fanya kazi hii Januari au Februari, jua likiwa kali. Ekzosi, diski za breki na mipira visiguswe.

8. Ukivuka mafuriko Budalang'i

Mto Nzoia ukifurika, kutu huanzia ndani. Fungua viti, inua zulia, toa ile sponji ya chini uianike juani. Hunywa maji na kuyaweka kwa wiki kadhaa juu ya bati la sakafu. Inuse kabla ya kuirudisha: ikinuka, ianike tena.