SOMO: Gari Linawaka, Halafu Linazima



Katika somo hili tunazungumza juu ya gari kuukuu la kikundi ambalo linawaka vizuri, halafu linazima. Tumeona vikundi vingi vikiwa na pikapu moja tu ya zamani. Pikapu hiyo ndiyo inapeleka maziwa, ndiyo inaleta mbolea, na usiku ikiitwa ndiyo inakimbiza mgonjwa hospitali. Ikianza kuzima njiani, kikundi chote kinasimama nayo.

Somo letu ni la magari ya petroli yenye kabureta na pointi, kama Peugeot 504, Datsun 1200 na Land Rover za zamani. Hatutaki kila mtu awe fundi. Tunataka kikundi kijue kitu cha kumwambia fundi kabla hakijatoa pesa.

YALIYOKIPATA KIKUNDI KIMOJA

Kikundi kimoja upande wa Kinangop kilikuwa na pikapu ya kupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea. Siku moja mwizi akaiba kifuniko cha tanki. Dereva hakutaka petroli imwagike, kwa hiyo akafunika mdomo wa tanki kwa kipande cha chubu ya baiskeli, akakikaza kabisa. Tangu siku hiyo pikapu ikawa inawaka vizuri, inakwenda kilomita tatu au nne, halafu inakohoa na kuzima. Ikipumzika robo saa inawaka tena kama haina neno.

Fundi wa kwanza alisema, "Mama, hii ni pampu." Pampu ikanunuliwa. Wa pili akasema ni koili. Ikanunuliwa. Wa tatu akataka plagi nne mpya na kabureta ya mtumba. Gari likaendelea kuzima. Maziwa yakaharibika njiani mara mbili. Minong'ono ikaanza kwamba mama mweka hazina anakula pamoja na mafundi. Wanachama wawili wakajitoa.

Ndipo mzee mmoja, ambaye alikuwa dereva wa lori miaka mingi, akauliza swali moja: "Mama, hii gari inazima baada ya muda gani?" Hakuna aliyejua. Wote walijua inazima, lakini hakuna aliyehesabu.

Kesho yake walipanda naye wakiangalia saa. Gari lilipozima, mzee hakugusa boneti. Alikwenda nyuma, akalegeza ile chubu. Fyuuu! Hewa ikaingia kwenye tanki. Gari likawaka, likafika kituoni bila kuzima tena. Dawa ya taabu ile yote ilikuwa kifuniko kinachofaa.

INJINI INATAKA VITU VITATU

Injini ya petroli inataka petroli, inataka moto wa plagi, na inataka hewa ya kuvuta na nafasi ya kutoa moshi. Gari lililowaka hata kwa sekunde tano lilikuwa na vyote vitatu kwa hizo sekunde tano. Kwa hiyo msiulize tu, "Kitu gani kimeharibika?" Ulizeni, "Ni kitu gani kilikuwapo, halafu kikakosekana, na kilikosekana baada ya muda gani?"

HESABUNI MUDA

1. Gari linazima mara tu unapoachia ufunguo.
Unapiga stata, injini inanguruma, unaachia ufunguo, kimya. Magari mengi ya zamani yana kitu kidogo karibu na koili kinachoitwa rezista. Wakati wa kupiga stata, umeme wa betri unakwenda kwenye koili moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, umeme unapitia kwenye rezista ili koili isiungue. Rezista ikikatika, moto unakufa wakati huo huo. Swichi ya ufunguo iliyochakaa inaweza kuleta shida hiyo hiyo. Angalieni pia waya zake kama zimelegea.

2. Gari linazima baada ya sekunde chache, au kabla ya dakika mbili.
Kabureta ina kibakuli kinachoweka petroli kidogo. Hata kama pampu imekufa, gari litawaka kwa petroli hiyo, kisha litazima ikiisha. Hapo angalieni filta ya petroli, mipira iliyopasuka, na pampu.

Lakini kama gari linakaa likiwa umekanyaga mafuta na linazima ukiachia, petroli inafika. Shida mara nyingi ni tundu dogo la slo ndani ya kabureta ambalo limeziba uchafu. Na kama linakubali tu ukivuta choki, huenda kuna hewa inayoingia mahali isipotakiwa, kama kwenye gasketi chini ya kabureta au mpira uliopasuka.

Likitoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli, hilo limenywa petroli kupita kiasi. Choki imekwama, au sindano ya kabureta haifungi, au filta ya hewa imejaa vumbi la barabara zetu. Gari lililolala muda mrefu liangaliwe pia kwenye ekzosi, maana nyigu hupenda kujenga humo. Moshi usipotoka, hewa mpya haiingii.

3. Gari linakwenda dakika tano, kumi au ishirini, linakohoa, linazima. Likipumzika linawaka.
Anzieni kwenye kifuniko cha tanki. Akina mama wanajua jambo hili kutoka jikoni. Ukitoboa mkebe wa mafuta ya kupikia tundu moja, mafuta yanatoka kwa shida. Ukitoboa la pili, hewa inaingia na mafuta yanatiririka. Tanki la gari ni hivyo hivyo. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Ndiyo sababu kwenye magari mengi ya zamani kifuniko kina tundu dogo la kupumua. Tundu likiziba, pampu inavuta mpaka inashindwa. Gari likisimama, hewa inapenya polepole, na gari linawaka tena.

Basi likizima, legezeni kifuniko. Likiwaka na kuendelea na safari, mmepata jibu bila kununua kitu. Kama si hivyo, angalieni uchafu na maji kwenye tanki. Uchafu huvutwa mpaka kwenye mdomo wa bomba, ukaziba. Gari likizima, unarudi chini, na njia inafunguka.

4. Gari linazima likishapata moto, hasa mlimani au mchana wa jua kali.
Hapa kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni koili au kondensa, ambazo hufanya kazi zikiwa baridi na kushindwa zikipata joto. Wa pili ni petroli kugeuka mvuke ndani ya bomba linalopita karibu na ekzosi. Jambo hili hutokea upesi zaidi sehemu za juu milimani. Zimeni injini, wekeni kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba la petroli. Gari likiwaka haraka baada ya hapo, ni mvuke. Likikataa mpaka lipoe nusu saa, pimeni moto wa plagi.

SIKILIZENI LINAVYOKUFA

Gari lililokosa petroli hufa polepole. Linakohoa, linaruka ruka, linakosa nguvu. Gari lililokosa moto mara nyingi hufa ghafla, kama mtu amezima ufunguo. Dereva mwenye masikio mazuri anaweza kuokoa kikundi pesa nyingi.

Kupima moto: gari likishazima, toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze chuma kwa chuma kwenye injini, mwenzako apige stata. Moto mzuri ni wa buluu na una nguvu. Ukiwa wa manjano na dhaifu, au usipoonekana, angalieni pointi, kondensa, koili na waya. Nafasi ya pointi kwa magari mengi ni karibu nusu milimita.

Kupima petroli: chomoa waya mdogo wa koili na uufunge vizuri kwa kitambaa ili kusiwe na moto. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uuingize ndani ya chupa, mwenzako apige stata. Petroli itoke kwa kuruka ruka na kwa nguvu. Acheni chupa itulie. Kama kuna maji, yatakaa chini na mtaona mstari.

ANGALIENI USALAMA

Vipimo hivi viwili visifanywe pamoja. Moto wa plagi na petroli iliyo wazi vikikutana, mtaunguza gari na watu. Msivute sigara karibu. Msimimine petroli kwenye kabureta huku mtu anapiga stata. Msivute petroli kwa mdomo. Msiwashe gari ndani ya nyumba iliyofungwa, maana moshi wake huua bila kuonekana. Na mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake; wekeni magogo imara.

KITABU CHA GARI

Tunashauri kila kikundi kiwe na daftari moja linalokaa ndani ya gari. Kila likizima, dereva aandike mambo manne: lilikuwa baridi au moto, lilikwenda muda gani, lilikufa ghafla au kwa kukohoa, na nini kililifanya liwake tena. Aandike pia kitu chochote kilichobadilishwa, hata kifuniko. Fundi akija, apewe daftari asome kabla ya kufungua boneti.

Na kipuri kipya kisinunuliwe mpaka fundi aonyeshe kipimo kilichomfikisha hapo. Fundi mwema hatakasirika. Kipuri cha zamani kirudishwe kwa mweka hazina pamoja na risiti. Yesu alitoa mfano wa mjenzi anayekaa chini kwanza kufanya hesabu (Luka 14:28). Sisi tunaona mfano huo unafaa hata kwa koili na pampu.

Magari mapya yenye kompyuta yana shida zao na vyombo vyao vya kupima. Lakini hata hayo, fundi atauliza: linazima baada ya muda gani?

Kile kikundi cha Kinangop kilikaa mkutano na kumwomba mama mweka hazina msamaha mbele ya wote. Risiti zake zilikuwa kamili tangu mwanzo. Wa wale wawili waliojitoa, mmoja amerudi. Mwingine bado. Pampu unaweza kuibadilisha siku moja, lakini jina la mtu likichafuliwa, kulisafisha huchukua muda mrefu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Gari, mashine ya kusaga au pampu ya maji ya kikundi chetu ilipoharibika mara ya mwisho, tulipima kwanza au tulinunua kwanza?
2. Ni nani anaandika daftari la gari? Kama hakuna, tumchague leo.
3. Nendeni wote kwenye gari. Kila mmoja aonyeshwe kifuniko cha tanki na tundu lake, filta ya petroli, koili na filta ya hewa.
4. Kuna mtu kati yetu tuliyemshuku juu ya pesa bila kumsikiliza? Tufanye nini kabla ya mkutano ujao?

Mungu awabariki, na safari zenu ziwe njema.