Oili ya injini: Bei ya galoni si gharama ya gari

WENYE magari madogo ya biashara wanaofika katika maduka ya vipuri ya Gerezani na Shaurimoyo, Ilala, kwa kawaida huuliza swali moja tu: galoni ya lita 4 ni shilingi ngapi? Muuzaji naye huwapa 20W-50, kwa kuwa ndiyo inayotoka haraka na ndiyo waliyoizoea mafundi wengi.

Mazoea hayo yana asili yake. Peugeot 504, Datsun na Land Rover za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na injini zilizoachiwa nafasi kubwa kati ya vyuma vinavyosuguana, na oili nzito ilizifaa katika joto la mwambao. Tangu biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani ilipopanuka katika miaka ya 1990, injini zimebadilika, lakini namba iliyo midomoni mwa wanunuzi imebaki ile ile.

Toyota IST, Vitz na Premio, ambazo leo ndizo mtaji wa wengi, zina injini za VVT-i. Katika injini hizo oili hailainishi tu. Shinikizo lake ndilo linalosukuma kifaa cha kurekebisha wakati wa kufunguka kwa valvu, na kabla ya kufika hapo hupita katika njia nyembamba na wavu mdogo wa kuchujia. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika gari linapowashwa asubuhi. Oili iliyochoka ikawa tope huziba wavu huo, na dereva huanza kulalamika kuwa gari limepungua nguvu na linakunywa petroli, huku fundi akibadilisha plagi zisizo na kosa.

Maandishi ya kwenye galoni si mapambo. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake huonyesha oili inavyojiendesha katika baridi: 5W hupimwa katika nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Dar es Salaam haina baridi hiyo, lakini injini iliyolala usiku kucha ni ya baridi ikilinganishwa na injini inayofanya kazi, na 5W huwahi kufika juu kuliko 20W. Namba ya pili, yaani 30, 40 au 50, ni uzito wa oili injini ikishapata moto, kwa kipimo cha nyuzi 100. Hiyo ndiyo inayopaswa kulingana na injini husika.

Jambo linalosahaulika zaidi ni herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata huonyesha kizazi cha oili. SP ilianza mwaka 2020 na SN mwaka 2010. SF ni ya injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. Kwa hiyo galoni mbili zinaweza zote kuandikwa 20W-50, moja ikiwa SF na nyingine SN, na muuzaji akazipanga rafu moja kana kwamba tofauti yake ni bei tu. Mwenye Canter ya dizeli atafute herufi za C, kwa mfano CH-4 au CI-4, na asikubali ya petroli kwa sababu tu imepungua bei. Pikipiki zina oili zao, zenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi yake huogelea humo humo.

Namba sahihi ya gari inapatikana wapi? Ndani ya gari lenyewe. Kitabu kilichokuja nalo huwa kwa Kijapani, lakini 0W-20 au 5W-30 husomeka kwa yeyote, na mara nyingine namba hiyo huandikwa kwenye kifuniko cha kujazia oili. Aidha, magari mengi hufika yakiwa bado na stika ya gereji ya Japani, kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, yenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho oili ilipobadilishwa. Mnunuzi makini huilinganisha na dashibodi. Kilomita za stika zikizidi za dashibodi, kuna mtu amerudisha mita nyuma.

Haina maana kwamba 20W-50 ni mbaya. Injini kongwe iliyolika, inayotoa moshi wa bluu na kuhitaji kuongezwa oili kila wiki, inaweza kupata nafuu kwa oili nzito huku mwenyewe akikusanya fedha za ringi. Hiyo ni dawa ya kutuliza, na ni makosa kumpa mgonjwa na mzima dozi moja.

Upande wa hesabu, tuchukue gari la abiria linalotembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilomita 31,200. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba oili ya kawaida, filta na ufundi ni sh. 60,000 kila kilomita 3,000: hiyo ni mara 10, sh. 600,000. Oili bora ikiwa sh. 105,000 pamoja na filta na ufundi, kila kilomita 6,000, ni mara 5, sh. 525,000. Nafuu ya sh. 75,000 si ya kujivunia. Faida iliyo kubwa ni zile siku za kazi zisizopotea gereji, na injini ambayo haitafunguliwa.

Kilomita nazo hudanganya. Gari lililokwama saa nzima katika foleni ya Buguruni halijasogea, lakini injini imezunguka muda wote huo. Vitabu vya Toyota za Japani huagiza muda wa kubadili oili ukatwe nusu kwa matumizi magumu. Foleni na safari fupi fupi ni matumizi magumu.

Hapa ndipo wawekezaji wadogo wanaokodisha magari kwa "hesabu" ya kila siku huumia. Dereva aliyeachiwa kazi ya kununua oili ana sababu ya kununua ya bei ya chini au kuruka zamu moja, kwani injini ikinoki si yake. Mwenye gari hununua oili mwenyewe, huandika kilomita, na huvuta kijiti cha kupimia kila anapopokea hesabu ya wiki. Rangi nyeusi pekee isimtishe. Oili nzuri huwa nyeusi kwa kubeba uchafu. Kiwango kilichoshuka ndicho cha kumshtua.

Linabaki suala la bidhaa bandia, ambazo Tume ya Ushindani (FCC) huzisaka kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kusugua oili kati ya vidole, kama wafanyavyo wengi dukani, hakuthibitishi chochote. Cha kukagua ni pete ya kifuniko, namba ya toleo na alama ya API, na cha kudai ni risiti ya mashine inayotaja aina ya oili. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa haina lolote kati ya hayo. Galoni tupu yenye lebo safi ndiyo malighafi ya mchakachuaji, kwa hiyo mwenye gari anayesimama gereji mpaka kazi iishe huondoka na galoni yake, au huitoboa hapo hapo mbele ya fundi.