Midomo Imeharibika, Saloni Inasema Ulisaini

Barua imetoka Mbugangari, mjini Gisenyi, Rwanda. Dada mmoja amechomwa sindano ya kujaza midomo katika chumba cha saloni, na siku ya tatu mdomo wa juu umeanza kuwa mweusi. Aliporudi kulalamika alionyeshwa karatasi yenye saini yake: "Nimekubali kwa hiari yangu, sitadai chochote." Anauliza kama amepoteza haki yake.

Hajaipoteza. Ila hospitali inatangulia, mashtaka yatafuata. Sindano hizi kwa kawaida hubeba asidi ya hyaluroniki, utomvu mzito unaoinua nyama ya mdomo au shavu kwa miezi kadhaa. Ukiingia kwenye mshipa wa damu, damu hukwama na nyama iliyo mbele yake inaweza kufa. Karibu na pua na katikati ya nyusi unaweza hata kupofusha. Ngozi ikipauka ghafla au kupata mabaka, maumivu yakizidi, au macho yakififia, hakuna cha kukanda kwa barafu wala kungojea kesho. Ipo dawa ya kuuyeyusha utomvu huo, hyaluronidasi, na saa ndizo zinazoamua. Nenda Hospitali ya Gisenyi, na ikiwa dawa hiyo haipo, omba rufaa papo hapo. Ripoti ya daktari itakayoandikwa siku hiyo ndiyo pia ushahidi wa kwanza wa kesi. Wengi huanza kwa kujitibu nyumbani kwa aibu, na wanapofika kwa mpelelezi hawana hata karatasi moja.

Kama kilichochomwa ni silikoni ya majimaji, habari ni mbaya zaidi: haiyeyuki. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaiidhinisha kwa kujaza uso wala kuongeza makalio, na mwaka 2021 ilionya pia juu ya zile kalamu zinazosukuma utomvu bila sindano. Kwa hiyo kabla ya kuchomwa dai boksi lifunguliwe mbele yako, usome jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, kisha upige picha. Anayekataa amekwisha kujibu swali lako.

Sasa ile karatasi. Ridhaa ya mgonjwa ina maana pale anapojua anachochomwa, hatari zake, na anayemchoma ni nani. Aliyejificha nyuma ya koti jeupe bila leseni hakupewa ridhaa yoyote. Alipewa saini ya mtu aliyedanganywa. Na kosa la jinai halimalizwi kwa makubaliano ya watu wawili. Sheria ya makosa na adhabu ya Rwanda, Na. 68/2018, inamwadhibu anayemjeruhi mwenzake kwa uzembe hata kama hakukusudia, na anayeamua kushtaki ni mwendesha mashtaka, si mwenye saloni. Fidia nayo inaweza kudaiwa ndani ya kesi hiyohiyo ya jinai.

Mtego mwingine umetundikwa ukutani. Cheti cha RDB na namba ya TIN katika fremu ya dhahabu vinaonyesha kwamba biashara imesajiliwa na inajulikana kwa kodi. Havimruhusu mtu kuchoma sindano. Daktari husajiliwa na baraza lake, RMDC, na jina lake linaweza kuulizwa huko. Dai pia risiti ya EBM, ile ya mashine ya kodi. Mtu anayesema "lipa kwa MoMo ya dada yangu" anafuta nyayo zake mapema.

Mbugangari ina tatizo lake la pekee: Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa kwenda Goma, Kongo, iko hatua chache, na bidhaa nyingi za urembo huvuka hapo. Anayechomwa Goma kwa bei nafuu anaacha ushahidi na mchomaji upande wa pili, na tangu waasi wa M23 walipouteka mji huo Januari 2025, mahakama za Kinshasa hazina mkono pale. Wengine huletewa mchomaji kutoka ng'ambo asubuhi, naye hurudi jioni. Mtu wa namna hiyo hashtakiwi, anatafutwa.

Hapa sheria yenyewe inastahili lawama. Kifungu cha 266 cha sheria hiyohiyo Na. 68/2018 kinampa anayetengeneza au kuuza vipodozi vilivyokatazwa kifungo cha mwaka 1 hadi 2 na faini ya faranga 3,000,000 hadi 5,000,000, au kimojawapo. Baada ya Rais Kagame kukemea mkorogo wa kung'arisha ngozi mwishoni mwa 2018, maelfu ya bidhaa zilikamatwa katika wiki chache. Vizuri. Lakini kinachoonekana mpakani ni mama mwenye chupa sita kwenye kikapu akipigwa picha, huku sindano ikipita mfukoni. Kipodozi hupakwa juu ya ngozi. Utomvu huu unaingia ndani yake. Muuzaji anautangaza kama urembo, na akikamatwa anasema si kipodozi. Rwanda FDA, iliyoundwa kwa sheria ya 2018, inasimamia vipodozi na vifaa tiba pia, basi iseme waziwazi sindano hii iko kapu lipi.

Rwanda haiko peke yake. Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa urembo, na kliniki ikafungwa akiwa ameshakufa. Uingereza ilichelewa hadi Oktoba 2021 kukataza kuwajaza nyuso watoto walio chini ya miaka 18 huko England kwa sababu ya urembo tu.

Kuna jambo moja la kukataa kabisa: kiongozi anayekwambia "pokeeni elfu hamsini myamalize". Abunzi, wapatanishi wa jamii, husuluhisha madai ya kiraia, si jinai. Na ofisa anayetaka "chai" ili afungue jalada anaangukia sheria Na. 54/2018 ya rushwa: kifungo cha zaidi ya miaka 5 hadi 7, na faini ya mara 3 hadi 5 ya alichodai. Piga 166 kwa RIB, ofisi ya upelelezi. Kwa ushauri wa kisheria, nenda ofisi ya MAJ, ya msaada wa kisheria, wilayani Rubavu ukiwa na ripoti ya hospitali, picha na ile karatasi uliyosaini. Huduma yao hailipiwi.